Uliza Bustani: Viazi Vyako Mwenyewe, Kutoka Guniani Hadi Sufuriani

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza kuhusu viazi. Tumechagua tano, na tumejibu kwa urefu pale ambapo wasomaji wengi hukwama.

Nakaa ghorofa ya tatu hapa Umoja. Nina gunia la sukuma wiki lenye nguzo ya mawe katikati, na mboga haikosekani. Je, naweza kupachika viazi kwenye matundu ya ubavuni kama ninavyofanya na sukuma? – Mama wa Umoja

La, mama. Kiazi huota kwenye vikonyo vinavyochomoza kutoka sehemu ya shina iliyofukiwa, juu kidogo ya mbegu. Ukipachika mbegu ubavuni, vikonyo vitatokea nje, vione mwanga na kugeuka matawi ya majani.

Tafuta gunia jingine la kilo 90, bila mawe. Toboa matundu kama kumi ya upana wa kidole, mengine chini na mengine ubavuni karibu na sakafu, maji yasituame. Changanya madebe mawili ya udongo mwekundu, debe moja la samadi iliyooza kabisa na nusu debe la mchanga. Samadi mbichi huunguza machipukizi na kuleta wadudu. Kunja mdomo wa gunia hadi libaki fupi, jaza sentimita 20, panga mbegu tatu kama mafiga, kisha zifunike kwa sentimita 10 za udongo. Mashina yakifika sentimita 20, kunjua gunia na uongeze udongo, ukiacha majani ya juu nje. Rudia baada ya wiki mbili, basi.

Wapo wanaoshauri gunia lijazwe hadi juu kabisa ili viazi vizae ghorofa kwa ghorofa. Usijisumbue. Viazi vingi huketi karibu na mbegu, na udongo wa ziada ni mzigo tu. Hata hili lenye nusu likilowa linaweza kufika kilo 100, kwa hivyo liweke karibu na ukuta, mbali na ukingo wa baraza, mahali penye jua la saa sita kwa siku. Chagua mahali kabla ya kujaza, kwa maana hutalisogeza tena.

Maji: chomeka kidole. Ukikuta pakavu kwa kina cha kiungo cha pili, mwagilia lita nne au tano asubuhi. Kukausha wiki nzima kisha kulowesha ghafla ndiko kunakofanya viazi vipasuke na kuota vinundu. Mashina matatu yakikupa kilo moja na nusu au mbili, umefanya vizuri.

Viazi vya Shangi nilivyonunua sokoni vimechipua jikoni. Nivipande? – Msomaji, Kawangware

Tunajua vinavutia, lakini tunakusihi usivipande. Shangi ni aina isiyo na usingizi mrefu, hivyo kuchipua si dalili ya ubora wa mbegu. Kiazi cha sokoni kinaweza kuonekana kizima huku kimebeba virusi au bakteria wa mnyauko. Utakipika na kukila bila neno, lakini ukikipanda utakuwa umeupanda na ugonjwa.

Nunua mbegu iliyoidhinishwa. Kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kilichoko Tigoni, Limuru, si mbali na Nairobi, na ndicho kinachoshughulikia utafiti wa viazi. Hata kama hutafika, uliza huko ni wazalishaji gani wa kuaminika. Chagua mbegu yenye ukubwa wa yai la kuku. Usiikate, kwa sababu kisu hubeba bakteria kutoka mbegu moja hadi nyingine.

Zitandaze safu moja kwenye trei au katoni, ndani ya chumba chenye mwanga usio wa jua kali. Zikitoa chipukizi moja tu kileleni, liondoe kwa kidole ili macho mengine yaamke. Unataka machipukizi mafupi, manene, ya kijani au zambarau, yenye sentimita moja hadi mbili. Yale marefu meupe yanayotambaa yamekulia gizani na huvunjika ukiyagusa.

Kama una kipande cha ardhi, acha sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mbegu. Kitalu cha mita mbili kwa tatu huchukua mbegu kama 26, yaani kilo moja na kitu. Kila shimo lipe samadi viganja viwili na mbolea ya DAP vizibo viwili vya soda, halafu vuruga na udongo kabla ya kuweka mbegu. Mbolea ikigusa chipukizi, huliunguza.

Mimea yangu ilikuwa mizuri, kisha ikaanza kulala mmoja mmoja ingali kijani, hata nikimwagilia. – Msomaji, Kasarani

Kata shina karibu na ardhi, ulining'inize ndani ya glasi ya maji safi na utazame kwa dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukiteremka, huo ni mnyauko wa bakteria, na hauna dawa. Ng'oa shina pamoja na viazi vyake na udongo unaolizunguka, vitie ndani ya mfuko na uvitupe mbali na shamba. Usivipeleke kwenye mboji. Osha jembe na viatu.

Kwa misimu mitatu au zaidi usirudishe viazi hapo. Wala nyanya, biringanya, pilipili na managu, maana zote ni za ukoo mmoja. Managu ndiyo husahaulika zaidi katika bustani zetu. Panda maharagwe, vitunguu au sukuma. Jambo jingine ambalo watu hawalishuku: maganda ya viazi vya sokoni na maji yaliyoviosha. Usiyamwage bustanini.

Majani yana mabaka meusi, na asubuhi chini yake kuna ukungu mweupe. – Msomaji, Dagoretti

Hiyo ni blaiti. Hupenda baridi na umande, na inaweza kumaliza kitalu kwa wiki moja. Ondoa majani yaliyoshikwa mara moja. Dawa ya mankozebu hukinga jani ambalo bado ni zima, haiponyi lililooza, hivyo lazima itangulie ugonjwa. Fuata kipimo cha kibandiko na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mwagilia shinani, si juu ya majani.

Jirani huniuliza kwa nini nahangaika ilhali waru zimejaa sokoni. Nami nataka kujua: nivune lini? – Msomaji, Ruaka

Mwambie aje siku ya kuvuna. Kuanzia wiki ya kumi hivi unaweza kupapasa pembeni mwa shina, ukachomoa viazi vitatu vichanga na kurudisha udongo. Vioshe tu, ganda lake ni laini kama karatasi. Chemsha na chumvi ndani ya saa hiyo hiyo. Kiazi kilichokaa guniani na kupigwa jua njiani hakiwezi kukupa ladha hiyo.

Mavuno kamili ya Shangi huwa karibu siku 90, majani yakianza kuwa manjano. Kata mashina, kisha acha viazi ardhini siku 10 hadi 14 ganda likomae. Sugua kimoja kwa kidole gumba: ganda likichubuka, ngoja. Chimba udongo ukiwa mkavu, ukianzia mbali na shina. Vilivyokatwa na jembe vipikwe siku hiyo.

Usivioshe kabla ya kuhifadhi. Viweke gizani, mahali pa baridi penye hewa, ndani ya kikapu au gunia la wavu. Mwanga huvigeuza kijani na kuviongezea sumu ya solanini, ambayo haiondoki kwa kupika. Vilivyoota ukijani mwingi au vinavyouma ulimi kwa uchungu, vitupe. Shangi itaanza kuchipua baada ya wiki chache, kwa hiyo panga mukimo mapema.