Toa kinanda, tusikie bodaboda

SWALI: Shikamoo dada. Nimetengeneza filamu fupi hapa Tukuyu: mama anamsubiri mwanawe usiku wa mvua. Picha zimetoka safi na mwigizaji analia machozi ya kweli. Nimeweka kinanda cha huzuni mwanzo hadi mwisho, lakini waliotazama wanasema haikuwagusa. Ninunue maikrofoni nyingine? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hela ya maikrofoni kaa nayo kwanza. Nimeitazama filamu uliyonitumia, kisha nikaitazama tena bila sauti, na sikupungukiwa na kitu. Huo ndio ugonjwa wake. Kinanda kinanilazimisha nihuzunike kabla mama hajawasha hata taa. Akija kulia, mimi nimeshachoka.

Jiulize huyu mama anasikia nini. Anayesubiri mtu usiku huona kwa masikio. Bodaboda ya kwanza inasikika tangu bondeni, inapanda, inapunguza mwendo. Mama anaacha kumenya ndizi. Inapita. Ya pili ikija, kisu hakisimami. Ya tatu inazimwa nje ya nyumba. Hatujaona pikipiki hata moja, nawe hujamwaga hata lita ya petroli.

Katika filamu ya The Godfather ya 1972, kijana Michael ameketi mgahawani na watu wawili anaokusudia kuwaua. Hakuna muziki. Kuna treni tusiyoiona, mlio wake unakwaruza, unazidi, unakaribia kufunika kila kitu, kisha risasi. Walter Murch, aliyeshughulikia sauti ile, hakuwa anatuonyesha kwamba reli iko jirani. Tunasikia kinachotokea kichwani mwa Michael. Muziki unangoja mpaka bastola idondoke.

Sasa mvua, na hapa umenikera kidogo. Kwenye picha ya mama inanguruma, ukikata kwenda mlangoni imenyamaza, ukirudi inanguruma tena. Umeirekodi kwa kamera, kipande kwa kipande, chini ya bati. Rekodi maneno saa ambayo hainyeshi. Ikinyesha (na kwenu Rungwe hutaingoja sana), irekodi peke yake ndani ya nyumba ileile, mlango ukiwa umefungwa, halafu ukiwa wazi. Tandika mkanda mmoja mrefu wa sauti ya mvua hiyo chini ya tukio zima, ubadilishe pale tu mlango unapofunguka. Usiwe karibu mno na bati, mvua itatoka kama mafuta ya maandazi. Nyie mna bahati. Mimi huku Iringa napigana na upepo, maikrofoni yangu haitoki nje bila kuvalishwa manyoya.

Kabla hamjafungasha vifaa, wote wanyamaze nusu dakika, urekodi chumba kikiwa kimya. Ukimya huo ndio utakaoziba mapengo ukianza kukata maneno.

Nyayo za matope zifanye baadaye, kwa gambuti na beseni la udongo, huku unaitazama picha. Jack Foley wa Universal alianza kazi ya namna hiyo filamu zilipoanza kutoa sauti, mwishoni mwa miaka ya 1920, na mpaka leo kazi hiyo ina jina lake.

Kinanda, kama huwezi kuachana nacho, kiingie mama akishafungua mlango. Mimi ningekifuta.

Ukimaliza, mkalishe mtu ambaye hajaiona filamu, aipe skrini mgongo, akuambie ni wakati gani mtoto amefika. Akishindwa, rudi kwenye ile bodaboda ya tatu.