Maswali na Majibu: Zeliji, Vigae vya Vipande vya Moroko na Andalusia

Wasomaji kadhaa wameniandikia kuhusu zeliji, yaani vigae vya udongo vinavyokatwa vipande vidogo kwa mkono na kuunganishwa vikafanya nyota na mafundo ya rangi kwenye kuta za misikiti, madrasa na majumba ya Moroko na ya Uhispania ya kusini. Nimechagua barua saba, na pale ambapo maswali mawili yalikaribiana nimeyajibu pamoja.

Swali (Dar es Salaam): Ndugu mwandishi, nimeonyeshwa dukani vigae vyenye nyota za rangi nikaambiwa ni "vya Moroko". Je, ndiyo zeliji yenyewe? Nitaitambuaje?

Jibu: Kwa maelezo yako, ulichoonyeshwa ni kigae cha kiwandani kilichopigwa chapa. Kwenye zeliji halisi hakuna kigae kilichochorwa nyota. Kila kipande kina rangi moja tu, na nyota hupatikana kwa kupanganisha vipande vingi vyenye maumbo mbalimbali, kila kimoja kikiwa kimekatwa peke yake.

Kazi huanza na udongo wa mfinyanzi, na ule wa viunga vya mji wa Fez ndio unaosifiwa zaidi. Udongo hulowekwa, hukandwa, hutandazwa na kukatwa miraba yenye upana wa takriban sentimita 10, kisha huanikwa juani na kuchomwa tanurini. Baada ya moto wa kwanza, uso wa mraba huchovywa katika rojo la madini, ukarudishwa motoni ili rojo hilo ligeuke utando wa kioo. Shaba hutoa kijani, kobalti hutoa buluu, manganizi hutoa weusi wenye asili ya kahawia, chuma hutoa rangi ya asali, na bati huufanya utando uwe mweupe usiopenya nuru. Kwa kuwa moto wa tanuri la jadi hauwi sawa kila pembe, miraba ya buluu iliyotoka siku moja huwa na buluu nyingi, na tofauti hizo ndizo zinazoufanya ukuta uonekane hai mtu anapopita mbele yake.

Baada ya hapo huchorwa juu ya mraba maumbo yanayotakiwa, na mkataji, aliyeketi chini na kuegemeza kigae juu ya fuawe dogo, hukikata kwa nyundo nzito yenye makali pande zote mbili. Hufuata mstari kwa mapigo madogo ya haraka, kisha hukigeuza kipande na kuzipunguza kingo zake kwa nyuma, ili mgongo uwe mwembamba kuliko uso. Upunguzaji huo ndio siri ya kazi nzima, kwa sababu huziwezesha nyuso za vipande kugusana bila kuacha nafasi, huku saruji au chokaa ikipata mahali pa kushika nyuma. Huko Tetouan, mji wa kaskazini mwa Moroko, utaratibu ni tofauti: vipande hukatwa udongo ungali mbichi, ndipo huchomwa.

Kinachonistaajabisha kuliko yote ni upangaji wenyewe. Fundi wa Fez huvipanga vipande chini vikiwa vimelala kifudifudi, rangi ikielekea sakafuni, kwa hiyo anachokiona yeye ni migongo ya udongo mtupu. Hupanga mamia ya vipande kwa kumbukumbu na kwa umbo la kila kimoja, akijua ni rangi ipi imelala chini ya mkono wake, kisha humwagia mchanganyiko wa kushikiza juu ya migongo hiyo, na ubao huo wa vigae ukikauka husimamishwa ukutani. Hapo ndipo yeye na wengine wanapoiona kazi kwa mara ya kwanza. Ustadi huu hurithishwa kwa kukaa karibu na fundi mkuu tangu ujanani, na sioni njia ya mkato ya kuupata.

Ili kuitambua zeliji, pitisha kidole juu yake: uso hauwi tambarare kabisa, kingo zina mikwaruzo midogo iliyoachwa na nyundo, na mpaka kati ya rangi mbili ni mpaka wa vipande viwili. Ukiona mstari wa kujazia umepita katikati ya nyota na kuigawa mraba kwa mraba, basi hicho ni kigae cha chapa.

Swali (Mombasa): Je, ni kweli kwamba mafundi walitumia nyota na pembe tu kwa sababu Uislamu ulikataza picha kabisa?

Jibu: Ni kweli kwa sehemu. Msikitini na madrasani picha za viumbe wenye roho hazikuwekwa, na jambo hilo liliwapa mafundi sababu kubwa ya kuikuza elimu ya maumbo. Hata hivyo, ndani ya Alhambra, jumba la wafalme Waislamu wa Granada, chemchemi ya Ua wa Simba imebebwa na simba kumi na wawili wa mawe, na dari za Ukumbi wa Wafalme zimechorwa watu. Kwa hiyo katazo peke yake haliielezi zeliji.

Sababu ya pili imo katika nyundo. Chombo kinachokata udongo uliochomwa hupenda mstari ulionyooka na pembe iliyo wazi, na jometri huwapa mafundi wengi wasioonana fursa ya kufanya kazi moja, kwani kipande kilichokatwa na huyu lazima kikae kando ya kipande cha yule. Msingi ni duara lililogawanywa. Ukilaza mraba juu ya mraba mwingine uliozungushwa nusu ya pembe mraba, unapata nyota ya ncha nane, ambayo ndiyo mama wa mapambo mengi ya Fez; kutoka hapo wamefika ncha kumi na sita, ishirini na nne na zaidi. Mistari ya nyota moja hurefushwa hadi ikutane na ya nyota jirani, na nafasi zinazobaki katikati huwa maumbo yenye majina yake katika karakana. Mchoraji Mholanzi M. C. Escher alizuru Alhambra mwaka 1922 na akarudi mwaka 1936 kunakili kuta zake, na baadaye kazi zake za maumbo yanayojaza nafasi bila kuacha pengo zilikuzwa sana na alichokiona pale.

Maandishi nayo yana nafasi yake. Katika madrasa za Fez, juu ya zeliji hupita mkanda wa maandishi meusi uliotengenezwa kwa kukwangua utando wa kioo mpaka herufi zikabaki zimeinuka juu ya udongo uliokwanguliwa. Kazi hiyo ni ngumu pengine kuliko nyota.

Swali (Muscat): Familia yetu itasafiri Uhispania na Moroko, lakini siku ni chache. Tukazitazame kuta zipi?

Jibu: Kama mngeweza kuchagua mji mmoja tu, ningewashauri Fez. Madrasa ya al-Attarine ilijengwa kati ya 1323 na 1325, na ile ya Bou Inania ilijengwa miaka ya 1350, katika zama za ufalme wa Wamarini. Humo mtaona utaratibu kamili wa ukuta wa Kimoroko: zeliji imepanda kutoka sakafuni hadi kimo cha mtu au karibu yake, juu yake jasi iliyochongwa, na juu kabisa mbao za mwerezi. Mpangilio huo una hekima. Vigae vimewekwa pale ambapo mabega ya wanafunzi, maji ya udhu na vumbi vingeuharibu ukuta, na jasi laini imewekwa pasipofikiwa na mikono.

Huko Marrakech, Madrasa ya Ben Youssef, iliyokamilishwa mwaka 1565 hivi chini ya Wasaadi, ukoo wa kifalme wa Moroko, na makaburi ya wafalme hao hao yanaonyesha sanaa hii ikiwa imekomaa. Huko Granada, nendeni katika jumba la Comares ndani ya Alhambra, na mkipata ruhusa muingie Mnara wa Cautiva, ambako kuna vigae vya rangi ya zambarau, rangi iliyo adimu sana katika zeliji. Seville pia ina funzo lake: Mfalme Pedro wa Kwanza, ambaye alikuwa Mkristo, alijijengea jumba katika Alcázar, ngome ya kifalme ya mji huo, miaka ya 1360 kwa mtindo huu huu. Dini ya mwenye nyumba haikumzuia kuutambua uzuri.

Mkifika, msikimbilie kupiga picha ukuta mzima. Chagueni nyota moja, mfuate mstari wake kwa macho mpaka uwarudishe mlipoanzia, na watoto wafanye hivyo hivyo.

Swali (Lamu): Je, sanaa hii iliwahi kufika kwetu pwani katika zama za kale?

Jibu: Zeliji kama ufundi haikuwa sehemu ya majengo yetu ya kale. Mtu wa Moroko, hata hivyo, alifika. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 hivi, akausifu mji wa Kilwa kwa uzuri na kwa ujenzi wake, na huko alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Safari zake ziliandikwa Fez na kukamilishwa mwaka 1355 kwa amri ya Sultani Abu Inan, yule yule aliyeijenga Madrasa ya Bou Inania. Kwa hiyo habari za Kilwa ziliwekwa kwenye karatasi katika mji ule ule, na katika miaka ile ile, ambamo kuta nilizozitaja hapo juu zilikuwa zikipambwa.

Wazee wetu nao walipenda mng'ao wa udongo uliochomwa, ila waliutumia kwa njia yao. Walipachika bakuli na sahani za China na Uajemi katika kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa, katika kaburi la nguzo la Mambrui na katika makaburi ya Kunduchi. Katika jumba la Husuni Kubwa, Kilwa, lipo birika la kuogea lenye pembe nane, na nyumba za Lamu za karne ya 18 zina zidaka, yaani matundu ya ukutani ya kuwekea vitu, vya lipu iliyochongwa kwa usahihi ambao fundi wa Fez angeuheshimu. Kwa sababu hiyo namwomba kila mwenye nyumba ya kale Lamu asivifunike zidaka vyake kwa vigae vya aina yoyote. Zeliji iwekwe katika nyumba mpya. Lipu ile ikibanduliwa hairudi.

Swali (Tanga, na lingine kama hilo kutoka Bujumbura): Ninajenga, na ningependa zeliji bafuni, jikoni na sakafuni kote. Je, inafaa?

Jibu: Bafuni ukutani, ndiyo. Jikoni, kwa tahadhari. Sakafuni kote, sikushauri.

Udongo wa zeliji ni mlaini na una vinyweleo kuliko kigae cha kiwandani, hivyo hunywa maji kupitia kingo na mgongo. Tanga kuna hewa ya bahari, na ukuta unaopandisha unyevu na chumvi kutoka ardhini utausukuma utando wa kioo utoke vipande vipande. Kabla ya kununua chochote, tibu unyevu wa ukuta, acha lipu ikauke sawasawa, kisha baada ya kubandika paka dawa ya kuzuia maji kupenya inayofaa kwa vigae vya udongo, na urudie mara kwa mara. Bujumbura haina chumvi ya bahari, lakini unyevu wa ardhini haubagui mji.

Jikoni, bandika ukutani nyuma ya meko na sinki, wala si juu ya meza ya kukatia. Ndimu na siki huula utando wa kioo ukafifia, na rangi nyingi za jadi zilichanganywa na risasi, madini ambayo hayapaswi kukutana na chakula. Muulize muuzaji wazi kuhusu risasi, na asipokuwa na jibu, usinunue kwa matumizi ya jikoni.

Kwa sakafu, wenyewe Wamoroko mara nyingi hutumia vigae virefu vyembamba viitwavyo bejmat, na nyota huwekwa sehemu maalumu, kama vile kuzunguka chemchemi. Mchanga unaoingia na viatu hukwaruza kioo, na kikilowa huteleza.

Ushauri wangu ni kwamba, kwa fedha ile ile, nunua eneo dogo la kazi ya kweli: ukuta mmoja wa bafu, mgongo wa baraza ya ndani, au fremu ya kioo cha kujitazamia. Kuta zinazobaki zipakwe chokaa nyeupe. Zeliji ina mistari mingi, na jicho linahitaji mahali pa kupumzika. Chumba kilichojazwa chapa za nyota kutoka sakafu hadi dari huchosha, hata kama kiligharimu zaidi.

Swali (Zanzibar): Mimi ni fundi vigae. Je, ninaweza kukata nyota mwenyewe kwa vigae vinavyouzwa hapa?

Jibu: Unaweza, ndugu yangu, kwa masharti. Kigae kigumu cha sakafuni usikiguse kwa nyundo, kwa maana kitapasuka kinapotaka chenyewe. Tumia cha ukutani chenye mwili wa udongo, ukikate kwa mashine ya maji au grenda yenye diski nyembamba, na ujifunike macho na pua, kwani vumbi lake huharibu mapafu. Anza na nyota ya ncha nane na msalaba unaojaza nafasi kati ya nyota nne, maumbo mawili na rangi mbili tu. Chora nyota moja kwa bikari kwenye karatasi ngumu, kata kiolezo, na vipande vyote vifuate kiolezo hicho, maana kosa la nusu milimita kwa kila kipande huwa kosa la kidole kizima ukifika mwisho wa ukuta. Kwa kuwa kingo zako hazitapunguzwa nyuma kama za Fez, acha nafasi ndogo iliyo sawa kila mahali na uijaze kwa saruji nyeupe. Panga kwanza sakafuni pasipo gundi, uso ukiangalia juu, na usianze kubandika kabla safu nzima haijakaa.