"Unganisha" waya na nini?

Swali: Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kampala. Nimewaandikia wateja karatasi inayosema: "Unganisha waya mweusi na mwekundu kwenye adapta ya volti 12, kisha unganisha feni zote kwa kidhibiti." Mwenzangu mmoja anataka "na kidhibiti", mwingine "kwenye kidhibiti". Nani amepatia?

Jibu: Ndugu fundi, aliyepatia ni wa "kwenye". Lakini hatari kubwa iko mwanzoni mwa sentensi yako, mahali ambapo hamkubishania.

Kitenzi *unganisha* kimetokana na *unga*, kikapata *-an-* ya kutendana, *ungana*, kisha *-ish-* ya kusababisha. Maana yake ni kuvifanya vitu viungane vyenyewe kwa vyenyewe. Anayesoma "unganisha waya mweusi na mwekundu" ana haki ya kuelewa kwamba nyaya hizo mbili zigusanishwe, na "kwenye adapta" akaichukulia kuwa ndipo pa kuzigusanishia. Hiyo ni shoti. Adapta yenye kinga itajizima. Isiyo na kinga itapata moto, na ganda la waya linaweza kuyeyuka. Sarufi haikukosewa, ila "na" imebeba kazi mbili, na katika maelekezo ya umeme msomaji asiachiwe kuchagua.

Upe kila waya sentensi yake: "Bana waya mweusi kwenye skrubu ya hasi. Bana waya mwekundu kwenye skrubu ya chanya." Penye pini na soketi, andika *chomeka*. "Kwa" iache. Husikika sana kwa maana ya mahali, lakini "unganisha feni kwa kidhibiti" yaweza kusomeka kana kwamba kidhibiti ndicho chombo cha kuunganishia.

Rangi peke yake nayo haitoshi. Kwenye feni ya pini tatu, kwa kawaida mweusi ni hasi, mwekundu ni volti 12, na wa manjano hupeleka taarifa ya kasi. Kwenye feni nyingi za pini nne, wa manjano ndio wa volti 12, wa kijani ni wa taarifa ya kasi, na wa buluu hupokea amri ya kidhibiti. Kwa hiyo taja kwanza kazi ya waya, rangi ifuate: "waya wa chanya, yaani mwekundu".

"Feni zote" pia irekebishwe. Inasema idadi, haisemi mpangilio. Mteja anaweza kuzifunga kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine. Feni nne zinazofanana zitagawana volti 12, kila moja iambulie takriban 3, na nyingi hazitaanza hata kuzunguka. Ukiandika "chomeka kila feni kwenye soketi yake ya kidhibiti", *kila* na *yake* zinamwelekeza kwenye mpangilio wa sambamba: volti hubaki 12 kwa kila feni, ampea, yaani kipimo cha mkondo wa umeme, ndizo zinazojumlishwa. Feni nne za ampea 0.25 zinahitaji ampea 1, hivyo mwandikie anunue adapta ya ampea 2, yenye maandishi ya DC (umeme wa mkondo mmoja) upande wa kutolea umeme.

Kuna mahali pamoja ambapo "unganisha ... na ..." inakaa sawasawa. Ikiwa kidhibiti kinapokea amri ya kasi kutoka ubao mama ("motherboard" ya kompyuta) huku umeme wake ukitoka kwenye adapta ya nje, andika: "Unganisha hasi ya adapta na hasi ya kompyuta." Hapo ndipo unapotaka vitu viwili viungane kweli, kwa sababu bila hasi ya pamoja amri ya kasi haina pa kupimiwa, na feni zinaweza kwenda kasi isiyo yake. Ila usifupishe ukaandika "unganisha umeme wa adapta na wa kompyuta". Mteja ataziunganisha chanya pia, na chanya za vyanzo viwili zinapaswa kubaki mbalimbali.