Jibu: Kuacha hisabati darasa la 12

Habari za leo, dada. Umeuliza kama mwanao, anayetaka kusomea uhandisi hapa California, anaweza kuacha hisabati darasa la 12 kwa kuwa ameshamaliza miaka 3. Kwanza kagua matokeo yake ya nyuma: Chuo Kikuu cha California hudai masomo 15 ya maandalizi, 11 yakiwa yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari, yaani darasa la 12, na miaka 3 ya hisabati ni kiwango cha chini tu, inayopendekezwa ni 4. Kwa mhandisi, nisingekubali aiache. Binti yangu alipolemewa tulikaa na mshauri wa shule, ratiba mezani, tukapunguza somo la hiari, kalkulasi, yaani somo lake la hisabati ya juu, ikabaki. Akibadilisha somo baada ya kutuma maombi, aarifu chuo mara moja.