Vyumba 38 au 40? Hesabu iliyomkwamisha mwanafunzi wa ukarimu kwenye usaili

SWALI: Shikamoo mama. Niko mwaka wa tatu, nasoma shahada ya utalii na ukarimu hapa Iringa. Mwezi uliopita niliitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya mjini. Nikaulizwa hivi: hoteli ina vyumba 40, viwili mabomba yake ni mabovu hivyo haviuzwi, jana vimeuzwa 26 na mapato ya vyumba ni shilingi 2,080,000. Tafuta RevPAR, yaani wastani wa mapato kwa kila chumba kilichopo. Nikagawanya kwa 38, nikapata kama 54,700. Msaili akatikisa kichwa, hakueleza kitu. Nilikosea wapi? Tena, kwenye mafunzo kwa vitendo wiki zote nane nilikuwa nakunja vitambaa vya mezani. Je, niende chuo cha ufundi stadi, VETA, nikaanze upya?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kugawanya umegawanya sawasawa. Ulichokosea ni namba ya chini. RevPAR ni mapato ya vyumba yakigawanywa kwa vyumba vyote ambavyo hoteli inavyo, vimelaliwa au havikulaliwa. Chumba chenye bomba bovu la wiki hii kinabaki kwenye hesabu. Utaratibu wa uhasibu unaofuatwa na hoteli nyingi duniani hukitoa chumba kikiwa kimefungwa kwa muda mrefu, miezi sita mfululizo au zaidi. Kwa hiyo ni 2,080,000 kwa 40, unapata 52,000.

Usilikariri hili, lielewe. Tuseme fundi ameahidi kuja Jumatatu na wiki ya tatu sasa hajaonekana. Ukigawanya kwa 38, taarifa inapendeza na hakuna anayeuliza habari za fundi. Ukigawanya kwa 40, namba inashuka, na mwenye mali akiiona atataka kujua vyumba vyake viwili vinafanya nini. Ungemgeukia msaili ukamuuliza, "Vyumba hivyo vimefungwa tangu lini?", angejua mara moja kwamba umeshaielewa kazi.

Jambo la jirani na hilo utalikuta sana hapa Iringa. Madereva wanaopeleka watalii Ruaha mara nyingi hupewa chumba bila malipo. Chumba hicho kina mtu ndani, lakini ukitafuta wastani wa bei usikihesabu kama kilichouzwa. Kwenye ile 40 kinabaki.

Sasa tuifanyie kazi hesabu yako yenyewe, maana ina mengi. Vyumba 26 kati ya 40 ni asilimia 65, huo ndio ujazo. Wastani wa bei, yaani 2,080,000 kwa vyumba 26 vilivyouzwa, ni 80,000. Zidisha 80,000 kwa asilimia 65, unarudi kwenye 52,000 ile ile. Meneja mmoja anaona vyumba 14 vimelala vitupu, roho inamuuma, anashusha bei hadi 60,000. Vinauzwa 34. Hoteli imechangamka, maegesho yamejaa, ujazo umefika asilimia 85. Kokotoa: 34 mara 60,000 ni 2,040,000. RevPAR ni 51,000. Wageni wameongezeka wanane na fedha imepungua 40,000. Bado hujafua shuka za vyumba hivyo vinane, hujachemsha maji ya kuoga, hujapika chai ya asubuhi. Tuseme kila chumba kinakula 15,000 kwa mambo hayo, ni 120,000 nyingine. Mwenye hoteli amerudi nyuma shilingi 160,000 usiku ambao kila mtu alimpongeza.

Hii ndiyo sababu wasaili wanaliuliza swali hilo hata kwa mtu wa mapokezi. Mteja akikuomba punguzo saa tatu usiku, wewe ndiye unayeamua, meneja kalala.

Angalia pia fedha unayoanza nayo. Kama hoteli imesajiliwa VAT na chumba kinauzwa 118,000 kodi ikiwa ndani, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 mapato ya hoteli ni 100,000. Ile 18,000 ni ya serikali, imepita tu mkononi mwako. Na kifungua kinywa kikiwa ndani ya bei, thamani yake inahamishiwa upande wa chakula kabla hujakokotoa chochote cha vyumba. Usipotenganisha, utasifu vyumba kwa kazi iliyofanywa na jikoni.

Nije kwenye wiki zako nane, na hapa naomba walimu wenu nao wasome. Kukunja vitambaa siyo kazi ya aibu, nami nimevikunja. Kinachonisikitisha ni kwamba kijana wa shahada anakaa miezi miwili ndani ya hoteli na hakuna aliyemwonyesha siku moja ya hoteli inavyofunguliwa na kufungwa. Ningekuwa na sauti chuoni, ningetaka kila mwanafunzi afanye angalau zamu tano za usiku. Usiku ndipo hesabu ya siku inapofungwa: malipo yote yanaingizwa, fedha ya droo inalinganishwa na risiti, na vyumba vinahakikiwa kimoja kimoja.

Huo uhakiki wa vyumba ni shule peke yake. Mapokezi wana orodha yao, wahudumu wa vyumba wana yao. Zikipishana, kuna jambo. Mapokezi wakisema chumba cha 12 kina mgeni na mhudumu akasema kitanda hakijaguswa wala hakuna begi, huenda mgeni ameondoka bila kulipa, au amelala kwa ndugu zake. Mapokezi wakisema kitupu na mhudumu akakuta viatu mlangoni, ama mgeni amefutwa kwenye orodha kabla hajaondoka, ama kuna mtu ameuza chumba na fedha imeingia mfukoni mwake.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, Mbeya, nilikabidhiwa zamu na orodha ambayo hakuna aliyeilinganisha. Saa sita usiku nikampa mama mmoja aliyeshuka kwenye basi la Tunduma ufunguo wa chumba kilichoandikwa kitupu. Akafungua mlango akamkuta mwanaume amelala. Alitetemeka mpaka nikamkalisha jikoni nikamchemshia chai. Tangu siku ile sipokei zamu kabla orodha mbili hazijasomwa kwa sauti, na kila mwanafunzi anayekuja kwangu anaanzia hapo.

Siku ukipelekwa stoo ya nguo, usihesabu shuka tu. Uliza kwa nini ni nyingi kiasi hicho. Kila kitanda kinahitaji seti tatu kwa uchache: moja imetandikwa, moja iko dobi, moja inapumzika kabatini. Lakini ukiwa Mufindi au Njombe mwezi wa sita na wa saba, ukungu haukupi jua la kuanikia, na hoteli isiyo na mashine ya kukaushia italazimika kuwa na seti ya nne. Vyumba 40 vyenye kitanda kimoja kimoja ni seti 40 za ziada za kununua. Mwanafunzi akiniletea hesabu hiyo kwenye ripoti yake, namwita ofisini siku hiyo hiyo.

Vivyo hivyo na misimu. Ruaha inajaa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, wanyama wanapokusanyika mtoni. Kitulo watu wanafuata maua, na maua yanataka mvua, Desemba hadi Aprili. Hoteli za mjini Mbeya zina mgeni mwingine kabisa, mfanyabiashara wa barabara ya TANZAM iendayo Zambia na mtu wa semina, ambaye anajaza vyumba katikati ya wiki na kuviacha Jumamosi. Bei moja ya mwaka mzima haiwezi kuwafaa wote hao. Chukua kalenda, weka alama siku za kila kundi, halafu sema ungepandisha wapi na kushusha wapi. Ile hesabu ya 26 na 34 itakwambia ushushe mpaka wapi.

Kuhusu VETA: kozi fupi ya jikoni au ya huduma ya vinywaji itakufaa, kwa kuwa ukimsimamia mpishi bila kuwahi kushika sufuria anajua. Kuanza upya, hapana. Omba hoteli ndogo ikupe zamu za usiku kwa miezi mitatu, hata kwa posho ya nauli na chakula, mradi mmeandikiana. Nunua daftari. Kila asubuhi kabla hujaondoka andika vyumba vilivyopo, vilivyouzwa, vya bure, vibovu na tangu lini, mapato bila kodi, na namba zako tatu: ujazo, wastani wa bei, RevPAR. Pembeni andika kilichotokea: mvua, msiba, mkutano wa mkoa, basi kuharibika mlima Kitonga.

Na yule msaili, mrudie. Mpigie simu, mshukuru kwa swali lake, mwambie jibu ni 52,000 na umeshajua kwa nini. Kisha muulize kama ana zamu ya usiku inayohitaji mtu.