Miradi 60 ya Java na wiki mbili tu: nilivyoacha kuhesabu urithi

Mkuu, umeuliza utasahihishaje miradi 60 ya wanafunzi ndani ya wiki mbili bila kumpa mtu alama kwa sababu tu madirisha ya programu yake yana rangi nzuri. Nimefundisha somo hili la kuandika programu kwa obijekti (vipande vinavyobeba data pamoja na kazi zake), kwa lugha ya Java, miaka tisa, na mitatu ya mwanzo nilikuwa nachemka. Nianze na hapo nilipochemka.

Nilikuwa na jedwali la alama linalopendeza macho: urithi (klasi, yaani kiolezo cha kuundia obijekti, kuchukua sifa za klasi nyingine) 10, polimofizimu (amri moja kuitikiwa na kila klasi kwa namna yake) 10, klasi dhahania (isiyoundiwa obijekti moja kwa moja) 5, na kuendelea hivyo. Mwanafunzi si mjinga, jedwali la alama analisoma kuliko anavyosoma kitabu. Nikaanza kupokea mifumo ya maktaba ambamo Mwanafunzi anamrithi Mtu, Mtu anamrithi KiumbeHai, na KiumbeHai ana metodi (kazi ya klasi) moja tu, pumua(), ambayo haiitwi popote. Na kwa jedwali nililolitunga mwenyewe, ikanibidi nitoe 10 kwa 10.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza: usitoe alama kwa kuwepo kwa urithi. Uliza umefanya kazi gani. Hata waliotengeneza Java wenyewe waliteleza hapa. Tangu toleo la kwanza la mwaka 1996, klasi ya Stack (rundo) inairithi Vector (orodha), na matokeo yake unaweza kupenyeza kitu katikati ya rundo, wakati maana nzima ya rundo ni kwamba unaweka juu na kutoa juu. Rundo lilipaswa kuwa na orodha ndani yake. Halikupaswa kuwa orodha. Mfano huu nauonyesha darasani kabla ya mradi, na unasaidia kuliko mhadhara mzima juu ya kanuni ya 1987 ya mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov, ingawa jambo lenyewe ni lilelile: mtoto akisimama mahali pa mzazi, aliyekuwa akimtegemea mzazi asipate mshtuko.

Sasa nafanya hivi. Kila mwanafunzi namtengea dakika kumi. Anafungua mradi wake, kisha namletea badiliko dogo ambalo halikuwemo kwenye maelezo ya kazi. Kwa mfumo wa maktaba huwa nasema: "Kuanzia leo tunaazimisha na ramani. Faini ya ramani inahesabiwa kwa saa, si kwa siku. Utagusa wapi?" Simwambii aandike chochote. Anionyeshe kwa kidole tu faili atakazofungua, na sababu.

Aliyeelewa hachukui muda: ataongeza klasi ya Ramani, ataandika ndani yake namna ya kuhesabu faini, ataitambulisha pale vitu vya maktaba vinapoundwa, basi. Asiyeelewa anaanza kupanda na kushuka kwenye faili la mistari 900 linaloitwa Mfumo, akitafuta kila penye if (aina.equals("kitabu")), yaani "kama aina ni kitabu". Moja analipata kwenye kuazima, jingine kwenye kurudisha, la tatu kwenye ripoti, la nne linampita. Klasi zake nyingine zote ni makopo ya kuwekea data: get, set, get, set. Huyo ameandika programu ya kawaida ya amri baada ya amri, akaivisha joho la obijekti.

Kuna binti mmoja simsahau. Programu yake ilikuwa menyu ya namba kwenye skrini nyeusi, majina ya metodi yamepinda, na kwa kuitazama tu nilikuwa nimeshamwandikia 48 kwa penseli. Nikamtupia swali la ramani. Akaonyesha sehemu mbili, kisha akanyamaza, halafu akasema: "Mwalimu, ramani si tatizo. Tatizo ni kwamba tarehe yangu ya kurudisha haina saa ndani yake, kwa hiyo rekodi ya kuazima nayo itabadilika." Hilo mimi mwenyewe niliyetunga swali sikuwa nimelifikiria! Alitoka na 71. Siku hiyohiyo kijana mwenye madirisha ya kuvutia kuliko darasa zima alishindwa kunionyesha faini inahesabiwa wapi.

Hesabu ya muda usiiogope. Dakika kumi mara 60 ni saa kumi, unazigawa kwa siku tano. Nilikuwa natumia zaidi ya hapo kusoma msimbo peke yangu usiku, na bado nakosea.

Kabla ya mazungumzo huwa nachungulia jambo moja zaidi: kama private, neno la kuficha data ya klasi isiguswe kutoka nje, ni ya kweli. Wengi wanaficha orodha yao vizuri, kisha getVitabu() inarudisha orodha hiyohiyo mkononi mwa yeyote anayeiomba. Naandika mistari miwili ya jaribio: naichukua orodha, naifuta. Maktaba ikibaki tupu, mlango ulifungwa na ufunguo ukaachwa kwenye kitasa. Hili halina ubishi, mwanafunzi analiona kwa macho yake.

Kuhusu kazi za vikundi, historia ya Git (programu inayotunza kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini) inasaidia, lakini usiigeuze hakimu. Niliwahi kumkata kijana alama nyingi kwa sababu jina lake lilitokea mara mbili tu kwenye historia nzima. Kumbe kikundi chao kilikuwa kinafanyia kazi kwenye kompyuta moja, ya mwenzake, na yeye ndiye aliyekuwa akielekeza. Nilimwomba radhi na kumrudishia alama zake. Siku hizi historia inanipa maswali tu: "Faili 40 ziliingia usiku mmoja, hebu nieleze usiku huo." Na kila mmoja namuuliza juu ya klasi iliyoandikwa na mwenzake.

Kunakili, na hii akili mnemba, nitasema kwa ufupi. Programu za kulinganisha kazi kama MOSS hazidanganywi na kubadilisha majina ya vigeu, ila kumbuka kuzipa msimbo wa kuanzia uliougawa mwenyewe, la sivyo darasa zima litaonekana wezi. Kwa msimbo ulioandikwa na mashine sina kifaa ninachokiamini. Nina zile dakika kumi.

Mgawo wangu wa sasa: programu kufanya kazi 30, muundo 30, mazungumzo 25, majaribio waliyoyaandika wenyewe 15. Ukimaliza miradi yote, rudia mitano ya kwanza. Mimi kila mwaka nakuta ya asubuhi ya kwanza nimeibana kuliko ya siku ya mwisho, nikiwa nimechoka na nataka kwenda zangu.

Umeuliza pia kuhusu programu isiyokompailika, yaani ile ambayo kompyuta inakataa kuigeuza iweze kuendeshwa. Usiipe sifuri papo hapo. Mara nyingi ni faili moja lililosahaulika wakati wa kutuma, au njia ya faili iliyoandikwa kwa kompyuta ya mwanafunzi mwenyewe. Nampa saa 24 alete kilichokosekana, nakata 5, na tofauti kati ya matoleo mawili naiangalia mwenyewe kuhakikisha hakuongeza kingine. Asipoleta, zile 30 za kufanya kazi zimekwenda, lakini muundo nausoma, na dakika zake kumi anazipata kama wenzake.