Usichague propela kwa macho, isikilize injini

Propela yangu ya kwanza niliinunua kwa tamaa. Boti ilikuwa na ya pichi 17, injini ikifika mizunguko 5,300 kwa dakika, nami nikajiambia ya 19 itaniongezea mwendo. Kwa mzigo uleule, pua ikabaki juu, boti ikawa inaburuta maji, na takometa, kipima mizunguko ya injini, ikagoma kuvuka 4,900. Mafuta nikachoma mengi, mwendo nao ukapungua.

Ukishika propela mkononi utakuta namba mbili, mfano 13 x 19. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ndiyo pichi: inchi ambazo ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja, kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye mbao. Maji si mbao, kwa hiyo sehemu ya safari hiyo hupotea kwa kuteleza. Asilimia 10 hadi 20 wala isikushtue. Kipenyo usikihangaikie sana mwanzoni. Pichi ndiyo utakayohangaika nayo.

Fungua kitabu cha injini yako utafute mizunguko inayotakiwa mafuta yakifunguliwa yote. Injini nyingi za kufunga nyuma ya boti hutaka kati ya 5,000 na 6,000, ila fuata kitabu chako, si cha jirani. Kisha ingia majini na mzigo wa siku za kazi, abiria na tangi la mafuta likiwemo. Jaribio la boti tupu litakudanganya. Injini ikishindwa kufika mizunguko hiyo, punguza pichi, ikipita, ongeza. Inchi moja hubadilisha mizunguko 150 hadi 200 hivi, ndiyo maana inchi zangu mbili zilinila 400. Leo siku za mzigo nafunga ya 15, nikiwa na watu wachache narudisha 17.

Injini inayozidisha mizunguko utaisikia ikilia, na mkono wenyewe utapunguza mafuta. Inayolemewa hainung'uniki, na hiyo ndiyo naiogopa zaidi: inafanya kazi kama mtu anayepanda mlima na baiskeli kwenye gia nzito, ikijichosha ndani kwa ndani.

Injini ikilia na boti haisogei, usikimbilie dukani. Pengine imefungwa juu mno na propela inavuta hewa. Au bushi ya mpira ndani ya kitovu imeachia. Kuijua ni rahisi: kwa nyuma, piga mstari mmoja wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, nenda mwendo kidogo, rudi utazame. Mistari ikiwa imeachana, mpira umekwisha.

Kuhusu chuma kisichoshika kutu, kweli kinasukuma vizuri kuliko alumini, maana mapanga, yaani mabawa ya propela, hayapindi kirahisi. Ila kwenye mawe mimi nabaki na alumini. Heri panga lipinde kuliko kishindo kifike kwenye gia. Propela ya mapanga manne hushika maji vizuri na kuinua boti haraka, ila mwendo wa juu hupungua kidogo.

Kila unapofungua nati, kabla ya kupaka grisi, chungulia nyuma ya propela kama kuna mshipi wa kuvulia uliojiviringisha kwenye shafti. Oili ya giaboksi ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, maji yameshapita kwenye sili, kizibo cha kuzuia maji yasiingie. Shughulikia hilo kwanza. Propela mpya isubiri.